Karatasi Ilikuwa Wapi?
Hotuba ya Kamati Ndogo ya Kazi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mlitutuma, nasi tumerudi na jibu. Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita, kama mkumbukavyo, mjane wa mwenzetu alisimama pale karibu na mlango, naye si mtu wa kusema mbele za watu, akaeleza ya kwamba mumewe alizikwa siku ya pili baada ya kufariki, na fedha za chama zikamfikia siku ya 37. Katika siku hizo alikopa kwa jirani, akauza cherehani yake, akakaa eda na deni shingoni. Hakumlaani mtu. Aliuliza neno moja tu: karatasi yangu ilikuwa wapi siku zote hizo?

Hapana aliyeweza kumjibu. Mwakilishi wa tawi alisema yeye aliandika fomu jioni ile ile. Katibu alisema haikukaa kwake hata siku moja bila sababu. Mweka hazina alisema ilipofika kwake alitoa hundi siku ya pili. Sauti zikapanda, na wengi wenu mlitaka viongozi wale watatu wavuliwe kazi kabla ya adhuhuri. Ndipo mzee mmoja aliposema kwamba haifai kumfukuza mpagazi kabla ya kuitazama njia aliyopita na mzigo. Kwa neno hilo tukateuliwa sisi watu watano, tukapewa mwaka mmoja. Twaomba mtuvumilie, maana si yote tutakayosema yatakayopendeza, na sisi wenyewe hatukupatana katika kila jambo.

Tulianza kwa kosa. Tuliketi ofisini, tukaifungua Katiba ya chama mahali pa msaada wa mazishi, tukachora karatasini hatua zote zilivyoandikwa. Hatua zilikuwa sita, na kwa hesabu ya Katiba zote zatimia katika siku saba. Ilikuwa ramani safi sana. Tulijipongeza, tukanywa chai. Kisha mmoja wetu akauliza, ikiwa hivi ndivyo kazi iendavyo, yule mama alichelewaje? Tukanyamaza wote. Tulikuwa tumechora kazi kama ilivyokusudiwa na waliotunga Katiba, wala si kazi kama inavyotendeka.

Tukaanza upya. Safari hii tuliiacha Katiba kabatini, tukaishika karatasi yenyewe. Fomu ya yule mama ilikuwa bado imo jaladani, na nyuma yake mlikuwa na tarehe na sahihi za kila mtu aliyeipokea. Penye pengo tuliuliza watu, tukatazama na ujumbe wa simu zao kwa ruhusa yao. Baadaye, maombi mengine matatu yalipoingia, tuliyafuata kwa miguu yetu, kituo kwa kituo, kama mtu amfuataye ng'ombe aliyepotea kwa kuzitazama kwato.

Kabla ya kuwaeleza tuliyoyaona, ni haki tuseme kwamba njia hii hatukuibuni sisi. Huko Marekani palikuwa na mtu na mkewe, Frank na Lillian Gilbreth. Bwana Gilbreth alianza maisha yake kuwa mwashi wa matofali. Akawatazama waashi wenzake, akaona ya kwamba tofali moja lilichukua mikono yao mwendo wa mara 18 kabla ya kulala ukutani, akapunguza hata ikawa yapata mara tano, kwa kuweka tu matofali na udongo mahali panapostahili. Mkewe alikuwa mwanachuo wa elimu ya nafsi, naye alikuwa akikumbusha daima kwamba mfanya kazi si mashine. Mwaka 1921 wawili hao waliwaeleza wahandisi wa Marekani namna ya kuchora mwendo wa kazi kwa alama ndogo ndogo. Mwaka 1947 chama cha wahandisi wa mitambo wa nchi hiyo kilikubali alama tano, nazo ndizo tulizozitumia, kwa kuwa hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuzielewa. Duara ni kazi yenyewe, yaani jambo linalokipeleka kitu mbele. Mshale ni kuchukuliwa toka mahali hata mahali. Mraba ni kukaguliwa. Nusu duara, mfano wa herufi D, ni kungoja. Na pembetatu iliyosimama kwa kichwa ni kuwekwa akiba. Siku hizi wenye elimu hizi huuita mwendo wa namna hii mchakato. Sisi twauita mwendo wa kazi, na picha yake ramani ya kazi.

Sasa sikilizeni safari ya karatasi ile. Mwakilishi wa tawi kweli aliiandika jioni ile ile. Lakini kwa desturi ya matawi yetu, fomu haiondoki mpaka isomwe katika mkutano wa tawi, na mkutano hukutana Jumapili. Ikangoja siku 5. Jumapili ikapita, ikapelekwa ofisini. Lakini katibu wetu ni mtu wa kuajiriwa bandarini kwa zamu, na ofisi hufunguliwa Jumanne jioni. Siku 2. Jumanne katibu aliitazama akairudisha, kwa sababu haikuwa na cheti cha kifo. Hapo ikakaa siku 12. Iliporudi na cheti, daftari la katibu lilionyesha kwamba marehemu alikuwa na malimbikizo ya miezi miwili, na daftari la tawi likionyesha hana deni. Kutafuta ukweli kulichukua siku 6. Hundi iliandikwa, ikatafuta sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi alikuwa amekwenda bara kwa shughuli za shamba. Siku 9. Benki ikachukua siku 3. Jumlisheni wenyewe: 37.

Tulipoweka alama zetu, madua­ra yalikuwa sita, lakini nusu duara za kungoja zilikuwa kumi na moja. Na tulipohesabu muda ambao mkono wa mtu ulikuwa juu ya karatasi ile, ukiandika au ukikagua, haukufika saa tatu. Siku 37, na kazi ya saa tatu! Hivyo basi viongozi wote watatu walisema kweli mwaka jana. Kila mmoja alisimulia habari ya meza yake, na katika meza hapakuwa na ucheleweshaji. Ucheleweshaji ulikaa baina ya meza na meza, mahali pasipo na kiti wala mwenyewe.

Twataka kukaa kidogo katika jambo la cheti cha kifo, kwa kuwa ndilo lililotuaibisha kuliko yote. Mtu akifia hospitalini, hospitali huandikisha kifo na kutoa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, habari hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali hicho. Cheti cha kifo ni karatasi nyingine; huombwa baadaye katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Basi fikirini: msaada wetu waitwa msaada wa mazishi, na sharti lake ni karatasi ambayo kwa kawaida haipatikani ila baada ya mazishi. Waislamu miongoni mwetu huzika siku ile ile au ya pili yake. Hata zile siku saba za Katiba, kama zingetimizwa barabara, zisingemnunulia mtu sanda. Sheria hii imekuwa mbele ya macho yetu miaka mingi, tukaipigia kura, tukaichapisha, na hapana hata mmoja aliyeiona mpaka ilipochorwa kwa penseli. Na tena, aliyetakiwa kwenda kukitafuta cheti ni mjane aliye katika eda, asiyetoka nyumbani. Ndugu yake alikwenda badala yake, mara tatu.

Wengine katika sisi walisema sharti hilo lifutwe mara moja. Walakini tuliona vema kwanza kuwauliza wazee lilitoka wapi, na tunafurahi kwamba tuliuliza. Miaka mingi iliyopita mtu mmoja alichukua fedha za maziko ya ndugu yake, na baada ya miezi michache ndugu huyo akaonekana sokoni akinunua samaki. Tangu hapo ndipo cheti kilipotakiwa. Kadhalika sahihi ya tatu katika hundi: iliongezwa baada ya mweka hazina wa zamani kujikopesha fedha za chama bila idhini. Tulijifunza kwamba kila kituo katika njia hii kina kisa chake, na kwamba anayeondoa ukuta bila kuuliza ulijengwa kwa sababu gani huenda akamfungulia mwizi yule yule. Swali basi si kama kituo ni cha kipumbavu. Swali ni kama ile hatari iliyokileta yaweza kuzuiwa mahali pengine, bila kumngojesha mfiwa.

Habari ya malimbikizo nayo yafaa isemwe, maana itawapata wengi. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2007, watu waliacha polepole kuleta ada mkononi. Ni jambo jema. Lakini katika daftari la katibu fedha huandikwa kwa jina la aliyezituma. Marehemu alikuwa akitumiwa ada na mwanawe aliye Nairobi, na mwana huyo si mwanachama. Basi fedha za miezi miwili ziliwekwa katika ukurasa wa "zisizojulikana". Ukurasa huo tumeusoma. Una fedha za watu wanne wengine waliomo humu ukumbini leo, nao hawajui kwamba chama chawahesabu kuwa wadeni. Tulikuta pia kwamba jambo moja hili, yaani kama mwanachama amelipa, hukaguliwa mara tatu: tawini, kwa katibu, na kwa mweka hazina, kila mmoja kwa daftari lake. Tulidhani ukaguzi mara tatu ni usalama mara tatu. Sivyo. Madaftari matatu hutoa majibu matatu, na kila tofauti huzaa wiki ya kungoja.

Hata makampuni makubwa ya ulimwengu yameanguka katika shimo hili. Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa Marekani, Michael Hammer, aliandika habari za kampuni ya magari ya Ford. Idara yake ya kulipa wauzaji katika Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500. Walipotazama kampuni ya Mazda ya Japani, ndogo kuliko wao, walikuta kazi hiyo yafanywa na watu watano. Watu wa Ford walikuwa wakishinda kulinganisha karatasi tatu: ya kuagiza, ya kupokea mizigo, na ya muuzaji kudai fedha, na zisipolingana malipo husimama. Hawakuwaambia makarani waharakishe. Waliiondoa karatasi ya kudai kabisa: mzigo ukifika na ukalingana na ulioagizwa, malipo hutoka. Idara ikapunguzwa kwa robo tatu. Hatutoi mfano huu ili tumpunguze mtu, maana sisi hatuna makarani wa kupunguza. Twautoa kwa sababu daftari zetu tatu ni ndugu wa karatasi zile tatu.

Na kwa ajili ya katibu wetu, ambaye jina lake lilisemwa vibaya, tuongeze hesabu moja. Mtaalamu mwingine wa Marekani, John Little, alithibitisha mwaka 1961 jambo ambalo mama muuza maandazi hulijua bila kuthibitishiwa: idadi ya wanaongoja ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa kipindi, mara muda anaokaa kila mmoja. Yakiingia maombi manne ya kila namna kwa mwezi, na kila moja likikaa mwezi na nusu, daima yatakuwapo maombi sita njiani. Wanachama walikuwa wakipita ofisini, wakiona mafaili sita juu ya meza, na kusema katibu amelala. Mafaili yale yalitokana na urefu wa njia. Mpeni katibu mwingine, mwenye bidii ya nyuki, nanyi mtayakuta sita vile vile.

Tulipofika kuchora njia mpya, mwanachama kijana anayesoma chuo kikuu alituletea alama nyingine, zilizotungwa mwaka 2004 na kutengenezwa upya mwaka 2011, ambazo sasa hutumiwa na makampuni na serikali nyingi. Karatasi hugawanywa kwa mistari mirefu, kila mtu na ujia wake: ujia wa mfiwa, wa tawi, wa katibu, wa mweka hazina. Wenyewe hulinganisha jambo hilo na njia za waogeleaji katika bwawa, na wazee wawili walicheka sana waliposikia. Tuliona faida yake mara moja. Kila mara mstari wa kazi unapovuka kutoka ujia hadi ujia, hapo ndipo pa kuogopa. Na tulishangaa kuona ya kwamba katika ramani zetu zote za kwanza mfiwa hakuwa na ujia kabisa. Hakuwamo. Tulikuwa tumechora msaada wa mazishi bila mwenye msiba.

Mabishano makubwa katika kamati yetu yalikuwa juu ya ziara ya wazee. Kama mjuavyo, wazee watatu huenda nyumbani kwa mfiwa kabla fomu haijapita, wakaketi, wakatoa rambirambi, wakatazama hali. Katika ramani ziara hiyo ilitokea kama mraba mmoja wa kukagua na nusu duara mbili za kungoja, na vijana wetu walisema ifutwe, kwa kuwa haithibitishi kitu ambacho kibali cha mazishi hakikithibitishi. Kwa alama walikuwa na haki. Lakini tulipomwuliza yule mjane, alisema kwamba katika siku zote 37, siku anayoikumbuka kwa shukrani ni ile ambayo wazee walikuja wakaketi mkekani. Fedha alizisahau zilifika siku gani mpaka alipozihesabu kwa hasira. Ramani haina alama ya jambo hilo, wala hatudhani itapata kuwa nayo. Mwishowe alama za yule kijana zilitusaidia: iko alama ya almasi yenye msalaba wa kujumlisha ndani yake, maana yake njia mbili zinaanza pamoja na hakuna inayoingoja nyingine. Basi wazee waende nyumbani, na karatasi iende zake, siku moja.

Haya ndiyo tunayoyaleta mbele yenu leo yapigiwe kura. Msaada ugawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza, la sanda na kaburi, litolewe na tawi kwa kibali cha mazishi peke yake, siku ile ile, kutoka akiba ndogo itakayokaa tawini chini ya mikono ya watu wawili, na ripoti isomwe Jumapili baada ya fedha kutoka, si kabla. Fungu la pili lingoje cheti cha kifo, na sahihi za hundi zibaki tatu kama zilivyo, maana hapo hakuna maiti anayengoja. Daftari la ada liwe moja tu, liandikwe kwa nambari ya mwanachama wala si kwa jina la mtuma fedha. Wawili katika sisi watano hawakukubali akiba kukaa tawini. Wanaogopa yale ya zamani, na hofu yao si ya bure. Tumewaomba waseme wenyewe baada yetu.

Wengine wametuuliza mbona hatushauri chama kinunue programu ya kompyuta. Tulipokea maelezo ya wauzaji wawili. Kila mmoja alituahidi kuyaingiza madaftari yetu yote matatu katika mtambo, pamoja na sharti la cheti. Maana yake fomu ya mjane ingekataliwa kwa nukta moja badala ya siku mbili, kisha angengoja vile vile. Tumewaambia warudi mwakani.

Kwa idhini ya Halmashauri tuliijaribu njia mpya katika tawi moja kwa miezi mitatu. Misiba ilikuwa miwili. Katika wa kwanza, fungu la mazishi lilifika kabla ya maiti kutoka nyumbani. Katika wa pili lilichelewa siku nne, kwa sababu mmoja wa watunza akiba alikuwa amelazwa hospitalini, nasi tulikuwa hatukumwekea naibu. Katika ramani yetu nzuri hakuna aliyekuwa ameugua. Tumeongeza ujia wa naibu kwa penseli nyekundu. Ramani yenyewe imetundikwa ukutani nyuma ya meza ya mwenyekiti, na yule mama aliyetuuliza swali amekwisha kuitazama asubuhi hii. Amesema mstari mmoja katika ujia wa mfiwa umekosewa, kwa kuwa si mfiwa aendaye kwa mwakilishi wa tawi usiku wa msiba, bali jirani. Tutausahihisha kabla ya kura.